Wembe na Ndege Isiyo na Mkia

Methali isemayo "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji" tulifundishwa shuleni kama onyo: lililompata jirani leo, kesho litakufika wewe. Mwalimu hakutueleza kwamba ndani ya onyo hilo imo habari nyingine, ya kale na ya kawaida kabisa, nayo ni jinsi wazee walivyonyoa. Walinyoa kwa maji. Aliyengoja zamu yake alilowesha nywele mapema ili zilainike, maana unywele mkavu hushindana na wembe, na anayeumia katika shindano hilo ni ngozi. Nasikia Ulaya na Marekani wapo wanaume waliourudia wembe wa zamani, brashi na povu la sabuni, na kwamba hulipa fedha nyingi kwa vifaa ambavyo babu zao walivitupa. Huku kwetu Kifungilo sijaona kilichorudi, kwa kuwa kwa baadhi yetu hakikuwahi kuondoka.

Yatazame maneno yenyewe. Sabuni tumeipata kwa Waarabu, brashi kwa Waingereza. Lakini wembe, kunyoa, kunoa na kinyozi ni maneno ya Kibantu. Mnyarwanda, aliye mbali na pwani kwa mwendo wa majuma mengi, wembe wake huuita urwembe. Chombo ambacho jina lake halikuazimwa, aghalabu nacho hakikuletwa na mgeni. Wembe ulifuliwa na wahunzi. Ukisimama kwenye ukingo wa magharibi wa milima yetu ya Usambara unaiona Milima ya Upare ng'ambo ya bonde la Mkomazi, na huko kaskazini yake, Ugweno, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi hata ukawa ukoo wa watawala, kabla Wasuya hawajaupindua. Wembe wa mhunzi ulikuwa na kazi nzito kuliko urembo. Mtoto mchanga alinyolewa nywele alizotoka nazo tumboni, na wafiwa walinyolewa msiba ulipokwisha. Mtu hakunyolewa na yeyote tu aliyepita njiani.

Kisha wakaja Wajerumani, wakaiita Lushoto Wilhelmstal. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya mlima, mwaka 1905, na bidhaa za Ulaya zikaanza kupanda huku kwa urahisi zaidi. Babu yangu, aliyefanya kazi katika shamba la Mzungu mmoja, aliachiwa wembe wa kukunja wenye jina la Solingen, mji wa Ujerumani uliosifika kwa visu na panga tangu zama za kati. Ninao hadi leo, na asubuhi nyingi ndio ninaonyolea. Ubavu wake umechimbwa pande zote mbili, hivyo kuelekea makali chuma kinakuwa chembamba kabisa. Hunolewa kwenye kinoo mara chache kwa mwaka, na kila siku hupitishwa juu ya ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, ili makali yanyooke. Mwezi wa Julai, ukungu wa msitu wa Magamba unaposhuka hadi mlangoni, maji yasipokuwa ya moto ni heri kubaki na ndevu. Povu likishakolea, unavuta ngozi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili unaulaza wembe, ubavu wake ukiwa umeinuka kidogo tu, kama nyuzi 30 hivi. Ukiulaza mno, unateleza juu ya ndevu bila kukata. Ukiusimamisha, unakata na kisichotakiwa.

Wembe huo hauna kinga. Usalama wote umo mkononi, na ndiyo maana kinyozi wa zamani aliheshimiwa: mtu mzima, labda mwenye maadui, alimkabidhi koo lake na kufumba macho.

Mmoja wa waliouhamisha usalama huo kutoka mkononi ni Mmarekani mfanyabiashara, King Camp Gillette. Aliwahi kuuza vizibo vya chupa, na humo alijifunza kwamba faida kubwa iko katika kitu kinachotumika mara moja na kutupwa. Akawaza wembe wa bati jembamba la chuma cha pua, usionolewa. Mafundi walimwambia chuma chembamba hivyo hakiwezi kukaa na makali; mhandisi William Nickerson akapata njia. Kampuni iliundwa mwaka 1901. Mwaka 1903 waliuza mashine 51 tu za kunyolea. Mwaka uliofuata waliuza takriban 90,000. Jeshi la Marekani lilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza liliagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Siri ya chombo hicho haikuwa makali. Ilikuwa kile kibati kilicho chini ya wembe, chenye ukingo unaotangulia kugusa ngozi na kuzuia makali yasizame. Mtu asiye na ufundi wowote sasa aliweza kujinyoa kwenye giza, na ile methali yetu nyingine, kwamba kinyozi hajinyoi, ikaanza kuwa ya uongo.

Mashine ya namna hiyo baba yangu alirudi nayo kutoka Burma. Alikuwa askari wa KAR katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua, katika matope ambayo magari hayakuweza kuyapita, huku chakula chao kikidondoshwa na ndege. Hakupenda kusimulia mapigano. Alipenda kusimulia kunyoa. Alisema afisa wao alikagua videvu hata siku ambazo hakukuwa na maji ya kunywa, na kwamba walinyoa kwa chai iliyobaki. Mashine ilikuwa ya vipande vitatu: kifuniko, kibati na mpini. Baada ya vita aliendelea nayo kwa zaidi ya miaka hamsini, akinunua nyembe dukani, Nacet au Topaz, kulingana na alichokuwa nacho mwenye duka.

Wembe huo mwembamba wa makali mawili umefanya kazi katika nchi hii ambazo Gillette hakuziota. Umechonga penseli za wanafunzi, umefumua mishono ya mafundi cherehani, umekata kucha. Mama mjamzito aliagizwa afike nao kliniki, ukiwa mpya ndani ya karatasi yake, kwa ajili ya kukata kitovu cha mtoto. Na baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, tukaanza kuhimizwa kwamba kila mtu awe na wembe wake. Wembe mmoja uliozoea kupita vichwani mwa watoto wa nyumba nzima, au kuchanja chale za wagonjwa kumi, ukawa kitu cha kuogopwa. Kwa maoni yangu, wembe wa bei rahisi wa kutupwa umeokoa maisha mengi katika vijiji vyetu, hata kama wapenzi wa vitu vya kale tunaudharau.

Sasa naomba msomaji anivumilie nikitoka kwenye ndevu na kuingia angani, maana nimefundisha fizikia miaka mingi katika milima hii, na mambo haya mawili siku zote yamekaa pamoja kichwani mwangu. Katika misitu yetu, kama ule wa Mazumbai, uko mti mkubwa uitwao mnyasa. Ganda lake likipasuka hutoa mbegu bapa, zilizozungukwa na utando mwembamba wa rangi ya kahawia, nazo hupeperuka mbali na mama yao. Nilizipeleka darasani kila mwaka. Huko Java uko mtambaazi ambao wataalamu wa zamani waliuita Zanonia. Mbegu yake ina bawa lenye upana wa sentimita 13 hivi, na haianguki kwa kuzungukazunguka: inateleza hewani kwa utulivu, mbegu ikiwa mbele kidogo na ncha za bawa zikiwa zimerudi nyuma na kukunjika juu. Haina mkia. Haina kiwiliwili. Ni bawa tupu.

Mjerumani Ahlborn aliandika juu ya utulivu wa mbegu hiyo mwaka 1897. Igo Etrich wa Austria, pamoja na Franz Wels, wakaiga umbo lake, na mwaka 1906 kielelezo chao kisicho na injini kikambeba mtu. Lakini walipotaka kuweka injini waliona mambo si rahisi, na ndege yao maarufu, Taube, ikapewa mkia kama ndege nyingine. Ni ndege ya aina hiyo iliyotumiwa na Mwitaliano Giulio Gavotti tarehe 1 Novemba 1911 kudondosha mabomu huko Libya, mabomu ya kwanza duniani kurushwa kutoka kwenye ndege. Yaliangukia Afrika. Sijui mbegu ingesema nini.

Kwa nini watu waliendelea kutaka bawa tupu? Sababu ni sawa na ile ya wembe wa babu. Mkia na kiwiliwili haviinui ndege. Kazi ya kuinua ni ya bawa, na vingine vyote huburuta hewa na kula mafuta. Lakini mkia ndio kinga. Pua ikiyumba kwenda kushoto, mkia huirudisha bila rubani kufanya lolote. Ukiuondoa, ule utulivu lazima utoke mahali pengine, na kwa miaka mingi mahali pengine palikuwa mikono ya rubani peke yake. Ndugu wawili wa Ujerumani, Walter na Reimar Horten, walitengeneza ndege-bawa ya injini za jeti iliyoruka kwa mara ya kwanza Februari 1945. Kabla mwezi huo haujaisha ilianguka na kumwua rubani wake, Erwin Ziller. Kule Marekani Jack Northrop aliirusha ndege-bawa yake kubwa, XB-35, mwaka 1946, kisha ile ya jeti, YB-49, mwaka 1947. Tarehe 5 Juni 1948 moja ya YB-49 ilivunjika angani juu ya jangwa la California. Glen Edwards na wenzake wanne walikufa, na kituo cha ndege cha huko kikaja kupewa jina lake. Muda si mrefu mradi ukafutwa.

Northrop alikuwa mzee mgonjwa, asiyeweza tena kusema, alipoonyeshwa mwaka 1980 mfano mdogo wa ndege ya siri ambayo baadaye ilijulikana kama B-2. Ilikuwa bawa tupu, na upana wake ulikuwa sawasawa na ule wa YB-49, mita 52.4. Utulivu wake sasa ulikabidhiwa kompyuta, ambazo husahihisha mwendo kila nukta kabla rubani hajahisi chochote. Waliokuwapo walieleza kwamba mikono ya mzee ilitetemeka alipoushika mfano ule. Alikufa Februari 1981, miaka minane kabla ndege yenyewe haijaruka.

Mikono ya baba ilianza kutetemeka mwaka 1996. Kwanza aliacha kunywa chai mbele ya wageni, kisha akaacha kujinyoa, na kwa mtu aliyekaguliwa kidevu Burma hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko chai. Nilimwambia nitamnyoa mimi. Akauliza kwa wembe upi. Nikajibu kwamba wa babu ndio ninaouzoea, na kwa kweli nilijivunia ufundi wangu.

"Ule hapana," alisema. "Mkono wako naujua, mwanangu. Shingo yangu ndiyo siijui. Inatikisika yenyewe."

Nikaifungua mashine yake ya vipande vitatu, nikaweka wembe mpya, nikachemsha maji. Nilimnyoa kila Jumapili kabla ya misa kwa miaka miwili, nikianzia shavu la kulia, mkono wangu wa kushoto ukiwa nyuma ya kichwa chake kukituliza. Alifumba macho. Nilipomaliza alipitisha vidole kidevuni polepole, vikitetemeka, akikagua.

"Chini ya sikio," aliniambia mara nyingi. "Umeacha."

Nikalowesha tena.