Kipande House: Mawe Yaliyowaona Babu Zetu

Juma hili nakuomba tufuatane hadi katikati ya Nairobi, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Loita Street. Kwenye kona hiyo lipo jengo la mawe lenye mnara, lililozungukwa na maghorofa marefu ya saruji na vioo. Jina lake ni Kipande House. Ni mojawapo ya turathi za taifa zinazolindwa na sheria, na kwa miaka mingi limekuwa tawi la benki.

Mara nyingi nimesikia watu wakiuliza: Kiwanja kama kile, katikati ya jiji, kwa nini kishikiliwe na jengo la mkoloni? Si livunjwe, tujenge ghorofa ishirini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake halitoshi kuwa tu kwamba jengo ni zuri.

Zuri ni zuri. Lilijengwa mwaka 1913, miaka kumi na minne tu baada ya reli kufika Nairobi. Mji wakati huo ulikuwa bado na nyumba nyingi za mabati na mbao. Jengo la mawe lenye mnara, tena lililo kwenye kona ambapo linaonekana kutoka barabara mbili, lilitangaza kwamba aliyelijenga hana nia ya kuondoka kesho. Aliyelichora ni Gurdit Singh Nayer. Hapo pana jambo la kutafakari, kwa sababu Mhindi aliyeaminiwa kuujengea mji fahari yake hakuruhusiwa na serikali hiyo hiyo kumiliki shamba katika nyanda za juu zilizotengewa wazungu.

Jengo lilianza kama bohari ya mizigo. Baadaye likapewa kazi ya kuandikisha watu, na ndipo lilipopata jina lake.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na Vita Vikuu vya Kwanza, na ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa atoe alama za vidole na apewe kipande. Ilikuwa karatasi yenye jina lake, kabila lake, jina la mwajiri wake, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikopo cha bati, na kikopo kikafungwa kamba shingoni. Wazee walikifananisha na kengele anayofungwa mbuzi ili asipotee malishoni.

Ukali wa kipande ulikuwa katika sahihi ya bwana. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, mwajiri mwingine hakuruhusiwa kukuandika kazi. Ukitoroka shamba la mlowezi kwa sababu ya kipigo au mshahara mdogo, alama zako za vidole zilikuwa zinakungoja kwenye majalada Nairobi. Kutembea bila kipande kulikuwa kosa la jinai, na adhabu yake ni faini au jela. Wazungu na Wahindi hawakubebeshwa mzigo huo.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku, kijana aliyekuwa karani wa simu serikalini, alianza kuwakusanya wafanyakazi wa Nairobi kupinga kipande, kodi, na mpango wa walowezi wa kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Akakamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulifurika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwasuta wanaume waliokuwa wanasitasita. Risasi zikalia. Serikali ilihesabu maiti 21, na Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Wengine walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu.

Ilichukua robo karne nyingine, hadi 1947, sheria ya kipande kubadilishwa na sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Na hapo, msikilizaji, ndipo utakapoona jambo lenyewe lilivyokuwa. Walowezi walipoambiwa nao watie vidole kwenye wino, walipiga kelele kwamba wanadhalilishwa kama wahalifu. Kelele zao zilisikilizwa upesi: anayejua kuandika Kiingereza akaruhusiwa kutoa picha na sahihi badala ya alama za vidole.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu ya kuliacha jengo lile lisimame. Vikopo vya bati vimeliwa na kutu au vimetupwa, na wale waliovivaa wametangulia mbele ya haki. Mawe yamebaki. Jengo likivunjwa, mjukuu atasoma neno kipande kitabuni na kulipita kama neno lingine lolote. Likiwapo, unaweza kumshika mkono ukamwambia: hapa ndipo walipopanga foleni.

Lakini sheria inalinda mawe tu. Kumbukumbu tusipoilinda wenyewe, mtu ataingia pale kutoa pesa kwa miaka ishirini na kudhani Kipande ni jina la tajiri fulani wa zamani. Hata leo askari akikusimamisha usiku, wengi bado tunasema ameniuliza kipande, ilhali alichouliza ni kitambulisho. Neno limetufuata, na maana yake tumeisahau njiani.

Basi nina ombi. Kama nyumbani kwenu kuna sanduku la marehemu babu, lifungueni. Mkikuta kikopo cha bati chenye karatasi iliyokunjwa, msikitupe wala msimuuzie mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Isomeni karatasi hiyo mbele ya watoto: jina, kabila, mshahara na sahihi ya bwana. Kisha mkija Nairobi, wapelekeni kwenye ile kona wakaone.