Kano ya moteri: namna ya kujua esansi yenye inakula mbele ya kuingia ziwani

Gari ikikosa esansi kati ya Sake na Goma, dereva anaegesha kando ya barabara na kutafuta kadhafi wa karibu. Kano ikikosa esansi katikati ya ziwa, hakuna kando ya barabara. Moteri ikizima, kano inageuka na kupokea mawimbi ubavuni, maji yanaanza kuingia, na upepo ndio unachagua upande wa kwenda. Kwenye maziwa ya mashariki ya Kongo, hesabu ya esansi ni hesabu ya feza na ya maisha pamoja.

Mambo yenye kufuata yanahusu kano ndogo zenye moteri ya esansi yenye kufungwa nyuma: zile za matembezi ya siku ya Mungu, za safari za jamaa, za kuvuka kwenda Idjwi ao kwenye vijiji vya pembeni ya ziwa. Boti kubwa za mazutu ziko na hesabu yao ingine.

Kwanza saa, kisha kilometre

Dereva wa gari anasema gari yake inakula litre fulani kwa kilometre 100. Kwa kano, wanaanza na saa. Moteri ikishikwa kwenye gazi moja, inakula karibu kiasi kilekile cha esansi kila saa. Lakini kilometre zenye inatembea ndani ya saa hiyo zinabadilika kufuatana na upepo, mawimbi na muzigo. Kwa hiyo mwenye kano anahitaji kujua namba mbili: litre kwa saa, na litre kwa kilometre.

Kuko kanuni moja rahisi ya kuanzia. Namba yenye kuandikwa kwenye moteri (15, 25, 40) inaonyesha nguvu yake ya farasi. Gazi ikifunguliwa yote, kila nguvu ya farasi moja inakula karibu litre 0,4 kwa saa. Moteri ya 15 inakula karibu litre 6 kwa saa, ya 25 karibu litre 10, ya 40 karibu litre 16. Moteri mupya zenye kuingiza esansi kwa kompyuta zinaweza kula kidogo kuliko hapo. Zile za zamani, zenye esansi inachanganywa na mafuta ya moteri, zinakula zaidi, na ile ya 40 inaweza kufika ao kupita litre 20. Kanuni hii inasaidia kukadiria tu. Namba ya kweli inatoka kwenye kano yenyewe.

Mwendo wenye kula sana

Watu wengi wanafikiri kama kadiri gazi inapunguzwa ndivyo safari inakuwa ya bei nafuu. Kwa kano ya mwendo wa mbio, si hivyo siku zote. Kano iko na mienendo mitatu.

Mwendo wa polepole: kano inakata maji bila kusumbuka, na inakula kidogo. Mwendo wa katikati: pua ya kano inainuka, nyuma inazama, na wimbi kubwa linafuata. Hapo moteri inasukuma mulima wa maji wenye kano yenyewe imetengeneza. Mwendo wa mbio: kano inapanda juu ya maji, pua inashuka tena, na inateleza.

Tuchukue mufano wa kano moja yenye moteri ya zamani ya 40. Namba hizi ni za mufano, si za kila kano:

– Kilometre 9 kwa saa, litre 3 kwa saa: ni kama litre 0,33 kwa kilometre.
– Kilometre 15 kwa saa, litre 10,5 kwa saa: litre 0,7 kwa kilometre.
– Kilometre 24 kwa saa, litre 12 kwa saa: litre 0,5 kwa kilometre.
– Kilometre 34 kwa saa, gazi yote, litre 20 kwa saa: karibu litre 0,6 kwa kilometre.

Mwendo wa katikati ndio mubaya kuliko yote: hauchome esansi mingi kwa saa sawa gazi yote, lakini kila kilometre inalipwa bei kubwa. Mwenye kuwa na haraka ni afazali apandishe kano juu ya maji, kisha apunguze gazi mpaka pale inateleza bila pua kuinuka. Mwenye hana haraka ashuke mpaka mwendo wa polepole kabisa.

Mitumbwi mirefu ya mbao haipande juu ya maji namna hiyo. Mutumbwi wa metre 9 ukifika karibu kilometre 13 ao 14 kwa saa, unaanza kupanda wimbi lake wenyewe. Kuongeza gazi kupita hapo ni kuchoma esansi kwa kutengeneza mawimbi.

Jaribio la nusu saa

Kwa kupata namba ya kweli, hakuna lazima ya chombo cha bei. Inaomba chupa ao bidoni yenye alama za litre, saa, simu yenye GPS, kaye na kalamu. GPS ya simu inafanya kazi hata pahali hakuna rezo, ikiwa programu yenye kupima mwendo imewekwa mbele.

Siku ya maji kimya, kano inapakiwa muzigo wake wa kawaida. Tanki inajazwa mpaka kwenye alama yenye kuonekana wazi, kano ikiwa imetulia. Kisha kapteni anatembea nusu saa kwa gazi moja bila kubadilisha: robo saa kwenda na robo saa kurudia njia ileile, ili upepo wenye kusaidia upande mumoja uzuie upande mwingine. Akifika, anarudisha esansi mpaka kwenye ile alama na kuandika litre zenye ziliingia.

Kama litre 6 ziliingia na simu inaonyesha kilometre 12, basi moteri inakula litre 12 kwa saa, ni kusema nusu litre kwa kilometre. Jaribio linafanywa tena kwa mwendo mwingine, na tena kano ikiwa imejaa watu. Kwa asubui mbili ao tatu, mwenye kano anakuwa na karatasi yake ya kweli ya kubandika karibu na moteri.

Sehemu tatu

Mabaharia wa inchi nyingi wanafuata kanuni ya sehemu tatu: sehemu moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswe. Kano yetu ya mufano ikipaswa kwenda kilometre 45 na kurudi, inahitaji litre 22,5 kwa kwenda na 22,5 kwa kurudi. Sehemu ya tatu ni 22,5 zingine. Yote pamoja ni litre 67,5, tuseme 70.

Hiyo sehemu ya tatu si ya bure. Upepo wa kichwa unaweza kupandisha matumizi kwa gafla. Mvua ikificha kando ya ziwa, kapteni anaweza kulazimishwa kuzunguka. Tena, tanki haitoe esansi yake yote: tiyo ya kunyonya haifike chini kabisa, na mawimbi yakipiga, inanyonya hewa wakati litre kadhaa zingali ndani. Kutoka Goma kufika Bukavu ni karibu kilometre 100 za maji. Kwa safari ya namna hiyo, kuhesabia litre ya mwisho ni kucheza na watu.

Juu ya nini moteri inachoka Goma

Moteri inahitaji hewa, na kwenye milima hewa ni nyepesi. Kwa kawaida moteri inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila metre 100 za kupanda. Ziwa Albert iko karibu metre 620 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika karibu 770, Edouard karibu 910, lakini Kivu iko karibu 1460. Moteri ya 40 kwenye Ziwa Kivu inafanya kazi sawa moteri ya 34. Kama ni ya karibiratere na haikurekebishwa, inapokea esansi mingi kuliko hewa: moshi unakuwa mweusi, buji zinachafuka, na litre zinapanda bila faida. Moteri yenye kutoka Kalemie ao Uvira kwenda Goma inapaswa kupita kwa fundi, abadilishe jikleri ya karibiratere, na mara nyingi atie elisi yenye kusukuma maji kidogo kwa kila muzunguko, ili moteri isizidiwe.

Kaye inasema ugonjwa

Kano yenye ilikuwa inakula litre 12 kwa saa na sasa inakula 15 kwa mwendo uleule iko na ugonjwa. Mbele ya kulaumu moteri, inafaa kuangalia:

– Elisi yenye kupinda ao kukatika pembeni.
– Majani na uchafu chini ya kano.
– Maji ndani ya kano: litre 100 za maji ni kilo 100.
– Muzigo wote kurundikwa nyuma, ao moteri kufungwa kwa pembe mbaya, pua ikabakia juu.
– Buji za zamani, ao shoki yenye kubakia imefungwa.
– Tiyo ao pompe ya mukono yenye kuvuja.

Kuhusu muzigo, wakaaji wa Goma na Minova hawahitaji mafundisho marefu. Mwezi wa 10, 2024, boti yenye kutoka Minova ilizama karibu na Kituku ikiwa imejaza kupita kiasi, na watu wengi walikufa. Kano yenye kujaza inazama kwa urahisi, na mbele ya hapo inakula esansi yenye haikupangwa.

Vyombo vya kupima

Kuko konteri ndogo yenye kufungwa kwenye tiyo ya esansi, inahesabu litre zenye kupita na kuzionyesha kwenye ekra. Moteri mupya za kompyuta zinapima zenyewe, na zikiungwa na GPS zinaonyesha kilometre kwa litre palepale. Ni vizuri, lakini konteri inapaswa kulinganishwa na litre za kweli mara kadhaa. Mushale wa tanki usiaminiwe peke yake: mawimbi yanauchezesha.

Esansi ya akiba nayo inaomba uangalifu. Litre 70 ziko na uzito wa karibu kilo 52, sawa mutu mumoja. Mvuke wake ni muzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini ya kano. Kwa hiyo bidoni zijazwe inje, kwenye udongo, moteri ikiwa imezima, na pasipo sigara. Esansi ya chupa ipitishwe kwenye filitre, juu maji yakiingia yanakaa chini ya tanki, palepale tiyo inanyonya.

Abiria naye ana sehemu yake. Mbele ya kulipa na kuvaa jile, anaweza kumuuliza kapteni: «Tuko na litre ngapi, na tukifika zitabakia ngapi?» Kapteni mwenye kaye anajibu kwa namba. Mwenye kujibu «zitatosha» hajapima.