Ebola: Kinga ya mwili inavyopambana na virusi

Virusi vya Ebola vinapoingia mwilini, huanza kwa kuwashambulia walinzi wenyewe. Chembe nyeupe za damu zenye jukumu la kumeza vijidudu na kutoa tahadhari ni miongoni mwa zinazoambukizwa mwanzo, na tahadhari hiyo huzimwa. Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21.

Mgonjwa akihimili, awamu ya pili ya kinga huanza. Baadhi ya chembe huua seli zilizoambukizwa. Nyingine hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazojibandika kwenye virusi na kuvizuia kupenya ndani ya seli. Mgonjwa anapopona, chembe za kumbukumbu husalia mwilini.

Kumbukumbu hiyo hudumu. Mwaka 1995, Ebola iliua zaidi ya watu 200 mjini Kikwit, katika nchi inayoitwa sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miaka 11 baadaye, damu ya manusura mmoja ilikutwa bado na kingamwili, na kutokana nayo ikapatikana dawa ya mAb114. Katika majaribio yaliyofanywa mashariki mwa Kongo mwaka 2018 na 2019, takriban asilimia 35 ya waliopewa dawa hiyo walifariki, ikilinganishwa na nusu ya waliopewa dawa ya ZMapp. Waliotibiwa mapema walipona zaidi.

Hata hivyo, kingamwili hiyo huitambua Ebola aina ya Zaire pekee, si aina ya Sudan iliyozuka Uganda mwaka 2022 na 2025.