Kaskodi ni nini? Hii ndio siri ya transista mbili kwa redio ya FM

Fundi wa Jericho, Maringo ama Hamza akiletewa redio imekuwa kiziwi, anaweza choma doo ya mteja akibadilisha transista ambazo hazina noma. Kabla ushike chuma ya kuchomea, jua kaskodi inafanyaje job.

Kaskodi ni amplifaya ya transista mbili zimepandana. Ya chini inapokea signali kwa beizi, halafu kolekta yake inalisha emita ya ile ya juu. Beizi ya juu imeshikwa na volti isiyocheza. Signali iliyokuzwa inatokea kwa kolekta ya juu.

Mbona mbili? Transista ikiwa solo, kuna kapasitansi kidogo kati ya kolekta na beizi. Ukikuza signali, hiyo kapasitansi inafura pale mlangoni. Mmarekani John Miller alieleza hii shida 1920. Chukua pikofaradi 2 na ukuzaji wa mara 100: mlango unaona pikofaradi 202. Kwa chanzo cha ohm 50, signali inaanza kufifia kwa megahezi 16 hivi. Na stesheni za FM ziko megahezi 88 hadi 108!

Kwa kaskodi, emita ya juu ina ukinzani mdogo, so volti ya kolekta ya chini haisongi sana. Ukuzaji hapo ni kama 1, na zile pikofaradi 2 zinaishia 4 tu. Ile kazi kubwa ya volti inafanyika juu, mbali na mlango.

Jina lilitoka kwa makala ya Hunt na Hickman, 1939, enzi ya valvu. Baadaye zikakuja MOSFET za geti mbili kama BF998, kaskodi nzima ndani ya kipande kimoja.

Ubaya wake? Transista mbili zinagawana volti, so betri ikiisha inasumbua mapema.

Sasa msee, shika mita. Kama ni transista za silikoni, kila emita itofautiane na beizi yake kwa volti 0.7 hivi. Volti zikiwa poa na redio bado ni kiziwi, cheki kapasita inayotoka beizi ya juu kwenda graundi. Ikiachia, mita haitaonyesha kitu, lakini ukuzaji unashuka. Chomea nyingine sambamba nayo ujaribu. Redio ikiamka, hiyo ndio ilikuwa shida.