Zebaki Mtoni: Chakula cha Watu Asilia na Amri ya Saba

Tunapofundisha juu ya utunzaji bora wa kazi ya Uumbaji, mara nyingi tunazungumzia upandaji wa miti. Suala hili linagusa pia chakula kilichomo sufuriani, kama inavyoonekana huko Grassy Narrows, jumuiya ya watu asilia wa kabila la Ojibwe, Ontario, nchini Kanada.

Kwa vizazi vingi jumuiya hiyo iliishi kwa uvuvi, uwindaji na uvunaji wa mpunga wa mwitu. Kati ya mwaka 1962 na 1970, kiwanda cha kemikali kilichohudumia kiwanda cha karatasi mjini Dryden, upande wa juu wa mto, kilimwaga takribani tani 9 za zebaki majini. Mwaka 1970 uvuvi wa biashara ulipigwa marufuku, na wavuvi wakapoteza riziki yao.

Zebaki haipotei majini. Bakteria waliomo kwenye matope huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ambayo huingia kwa viumbe wadogo, kisha kwa samaki wanaowala, ikiongezeka kila hatua. Kupika hakuiondoi. Mwilini hushambulia neva: huleta ganzi, mtetemeko na uoni hafifu, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Mwaka 1975 madaktari Wajapani, walioyafahamu madhara hayo kutokana na maafa ya Minamata, walikuta dalili zinazofanana miongoni mwa wakazi.

Kuwaambia watu waache kula samaki ni tahadhari ya lazima, lakini peke yake si haki. Uvuvi ulikuwa chakula, kazi na namna ya wazee kuwarithisha watoto hekima yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2415) inaweka heshima kwa Uumbaji chini ya Amri ya Saba: Usiibe. Basi anayetia sumu mtoni huwaibia waliopo na watakaozaliwa, na kwa kuwa haki hudai malipizi (na. 2412), kusafisha mto na kuwatunza wagonjwa ni deni, wala si hisani. Naye Papa Fransisko, katika Waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba watu asilia wawe washiriki wakuu wa majadiliano kuhusu miradi mikubwa inayogusa ardhi yao.

Jambo hili haliko mbali nasi. Katika Kanda ya Ziwa, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huichoma na kuvuta mvuke wake. Tunawasihi waamini wasiichome nyumbani wala karibu na watoto, wasimwage mabaki yake mtoni, na wadai njia salama zaidi za uchenjuaji. Tunapotafuta dhamiri kabla ya Kitubio, tujiulize pia: kazi yetu inaacha nini katika maji ya jirani?