Mto Parramatta kwa Kafi: Athari za Sydney Zionekanazo kutoka Majini

Miji ya mwambao wetu ilijengwa ikielekea bahari. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, huonekana vizuri zaidi na nahodha anayeingia bandarini kuliko na mtu atokaye shamba. Kwa hivyo nilipokwenda Sydney kuwatazama wanangu, na mjukuu wangu akanialika nipande naye kayaki katika mto Parramatta, nilikubali, ingawa umri wangu umepita miaka sabini. Nilitaka kuisoma tarehe ya mji ule kutoka upande wa maji.

Mto huu ndio mkono wa magharibi wa bandari ya Sydney. Jina lake latokana na Burramatta, yaani mahali pa mikunga, kwa lugha ya wenyeji wake. Gavana Arthur Phillip aliupanda mwaka 1788 akitafuta ardhi ya kulima, na mwaka huohuo Waingereza wakaanza makazi pale maji ya chumvi yanapokoma. Nyumba ya magavana, iliyojengwa mwaka 1799 juu ya makao ya awali ya Phillip, ingali imesimama. Mwaka 2010 UNESCO iliiandika katika Urithi wa Dunia pamoja na maeneo mengine kumi ya wafungwa waliohamishiwa Australia. Huko juu tulikwenda kwa feri. Kafi tulizishika chini zaidi, katika ghuba ya Homebush.

Ghuba hiyo ina mabaki ya meli zilizoletwa kuvunjwa. Iliyo mashuhuri ni Ayrfield, ya chuma, iliyoundwa Uingereza mwaka 1911, ambayo katika Vita vya Pili iliwapelekea askari wa Marekani mahitaji yao katika Pasifiki. Leo mikoko imeota tumboni mwake. Sisi tumezoea mikoko chomboni ikiwa boriti, imekatwa Rufiji na kupakiwa jahazini kwenda Oman. Pale imo chomboni na iko hai. Lakini uzuri huo usimdanganye mtu. Viwanda vya kemikali viliacha sumu ya dayoksini katika tope. Uvuvi wa biashara ulipigwa marufuku bandarini mwaka 2006, na watu hushauriwa wasile samaki waliovuliwa magharibi ya daraja kuu la Sydney.

Nilimkumbuka mwenye mto. Kabla ya Waingereza, wanawake wa hapa walivua kwa mshipi, ndoana zao zikiwa za kombe, ndani ya mitumbwi ya magome iitwayo nawi, na moto mdogo ukiwaka juu ya udongo humo humo chomboni. Mtumbwi wa gome hauachi gofu. Ndiyo maana anayehesabu athari kwa mawe peke yake atadhani tarehe ya mto huu ilianza mwaka 1788.

Tulipita chini ya madaraja ya reli na ya barabara hadi Kissing Point. Katika shamba la matunda la eneo hilo alizikwa Bennelong, mtu wa Wawangal, mwaka 1813. Phillip aliamuru akamatwe mwaka 1789. Mwaka 1792 alisafiri naye kwenda Uingereza, na mwaka 1795 akarejea kwao. Rasi inayobeba jina lake ndipo liliposimama jumba la Opera linalojulikana ulimwengu mzima. Lakini kaburi lake wanaolizuru ni wachache.

Mbele zaidi, baada ya daraja la Gladesville, kipo kisiwa cha Cockatoo, ambacho wenyeji hukiita Wareamah. Kisiwa chetu cha Changuu kilijengewa jela mwaka 1893, kikaishia kuwa karantini. Hiki kilikuwa jela kweli, tangu 1839 hadi 1869, na wafungwa wakachonga mwamba kwa mikono yao kupata maghala ya nafaka na gudi ya meli.

Tulipopumzika, mjukuu aliniuliza: "Babu, si sarafu za Kilwa zilionekana Australia? Basi sisi tulifika kabla ya Waingereza?" Ni kweli kwamba mwaka 1944 askari Morry Isenberg aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi: tano za Kilwa, zenye maandishi ya Kiarabu, na nne za Kiholanzi. Za Kilwa zimehifadhiwa na jumba la makumbusho la Powerhouse la Sydney, ambalo limejijengea tawi jipya ukingoni mwa mto huuhuu, mjini Parramatta. Lakini sarafu husafiri bila ya mwenyewe. Zilizookotwa pamoja na za Kiholanzi huenda zilifika kwa mkono mwingine kabisa. Nilimwambia pia: hata kama nahodha wa Kilwa angefika, angewakuta watu wamo ndani ya nawi zao, na hao ndio wa kwanza.

Nawausia jamaa zetu walioko Sydney wawapeleke watoto mtoni. Nendeni maji yakijaa, kwani yakipwa ghuba ya Homebush huwa tope tupu. Vaeni jaketi za kuokolea, na jihadharini na mawimbi ya feri. Waonyesheni watoto nyumba ya magavana, na waonyesheni Kissing Point. Sisi tuliohama twajua uchungu wa tarehe yetu kuandikwa na wengine. Tusiwafanyie hivyo wenye mto.