Jina la Muyembe liliingia lini?

Ndugu zangu wa lisansi, fungueni jarida la The Lancet la tarehe 12 Machi 1977. Muko makala tatu juu ya virusi vipya, Ebola. Mutafute jina la Jean-Jacques Muyembe: halimo. Na huyu ndiye aliyefika Yambuku 1976, akatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, akarudi Kinshasa na mtawa mgonjwa. Damu ya mtawa ikatumwa Antwerp.

Hakuacha kazi. Kikwit, 1995, yeye na wenzake walitia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, 7 waliishi. Makala ilitoka 1999, na wakubwa wengi wa nje hawakuisadiki. Lakini damu ya mtu mmoja aliyepona pale Kikwit ndiyo ilizaa dawa mAb114. Jarida la Science, 2016: sasa jina lake limo! Dawa ikajaribiwa Beni na Butembo, na Desemba 2020 Marekani ikaikubali.

Mimi nilichuma majani ya muhogo yenye mozaiki kwa utafiti wa watu fulani. Makala imetoka, jina langu sijaliona. Siku hizi, mbele ya kutoa sampuli nauliza kwanza waandishi watakuwa nani, na jibu nalitaka kwa maandishi.